Nusu ya Bundi

Tibeios hakuwa na baba aliyemjua, wala kijiji ambacho angeweza kukinyooshea kidole. Hakuwa na mke wa halali. Hakuwa na kura. Hakuwa na meno ya upande wa kushoto. Hakuwa na pete ya mhuri, kwa sababu mtumwa hana jambo lake la kutia mhuri. Hakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza katokea nchi gani, isipokuwa mmoja, na huyo tutamfikia. Hakuwa hata na bwana wa kumlaani kwa jina, maana alikuwa mali ya mji mzima wa Athene: mabwana elfu thelathini, na hapakuwa na hata mmoja aliyekumbuka kumnunulia viatu.

Alichokuwa nacho ni meza ya kupimia sarafu sokoni, jiwe jeusi la kupimia, patasi, nyundo, na vidole viwili vilivyoijua fedha halisi kama mama anavyoijua homa ya mwanawe.

Na sheria. Bundi akitoka mikononi mwa mpimaji akiwa mzima, kila muuzaji sharti ampokee. Akikataa, bidhaa zake zote za siku hiyo zinachukuliwa. Bundi akiwa wa uongo, mpimaji anamkata katikati papo hapo, na vipande vyote viwili ni mali ya Mama wa Miungu, vifike Barazani kabla ya jua kuzama. Mpimaji akikosea, viboko hamsini. Tibeios alikuwa na miaka sitini na mitatu. Kiboko cha thelathini kingemkuta ameshakufa, na vilivyobaki vingekuwa vya kukamilisha hesabu.

Ninyi mnaomfukuza bundi kwa mawe akilia juu ya paa, vumilieni. Huku ni ndege wa Athena mwenyewe, mungu wa kike wa mji, na sarafu ya drakma nne yenye picha yake inaitwa bundi kutoka Misri hadi Bahari Nyeusi.

Wiki iliyopita tuliiacha nyundo ikiwa hewani. Sikon, mpishi mtumwa wa Timokedes, alikuwa ametumwa kununua mikunga watatu, wale samaki warefu kama nyoka, wa ziwa la Kopais kwa ajili ya karamu. Gryllion muuza samaki akaitazama sarafu yake, akainusa, akaikataa. Ndipo Timokedes mwenyewe akaja, joho lake jeupe likifagia magamba ya samaki, akaitupa ile sarafu juu ya meza ya Tibeios.

Timokedes hakuwa mtu wa kukataliwa sarafu. Mwaka huo wananchi walikuwa wamemchagua akanunue ngano ng'ambo ya Bahari Nyeusi, wakamkabidhi mitungi kumi ya bundi. Mitungi ilikuwa tayari melini, bandarini Piraeus, ikingoja alfajiri. Kwaya ya sikukuu alilipia yeye. Kinyozi alimnyoa bure, ili mradi aonekane anamnyoa.

"Pima," alisema. "Pima mbele za watu. Akiwa mzima, huyu mhuni anarudi kwake leo na kapu tupu."

"Na akiwa mbovu?" aliuliza Gryllion.

"Mbovu, kutoka nyumbani kwangu? Wewe umenuka mpaka maneno."

Nyundo ikashuka.

Bundi akapasuka vipande viwili. Chini ya ngozi nyembamba ya fedha alikuwa mwekundu kama sufuria ya zamani. Shaba tupu.

Watu wa Athene hucheka kwanza, halafu ndipo huuliza nani kaumia. Soko zima lilicheka. Gryllion aliwaomba wateja wasimame kwa heshima ya mikunga wake, ambao angalau ni mikunga mpaka ndani. Timokedes uso ulimwiva, lakini hakuwa mwanasiasa bure. Alisema amepunjwa kama raia yeyote anavyoweza kupunjwa, akamshukuru mzee kwa kazi safi, akaushukuru mji kwa kuwa na sheria nzuri. Wawili watatu walimpigia makofi.

Tibeios akatazama meza. Palikuwa na kipande kimoja.

Kilikuwa cha chini: miguu ya bundi na ncha ya mkia. Cha juu, chenye kichwa na macho, kilikuwa kimeruka.

Akatokea Phanias, mjumbe wa Baraza wa zamu ya sokoni. Alikuwa ameupata ujumbe huo kwa bahati nasibu mwezi uliopita, na tayari alitembea kama aliyeujenga mji. Alisikiliza, akahesabu kipande kimoja, akakihesabu tena.

"Vipande viwili, kabla ya jua kuzama," alisema. "Mpimaji mwenye nusu moja nitamwandika kuwa ameuza ya pili."

"Imeruka, mheshimiwa."

"Sheria haijui kuruka."

Basi watu wazima, wenye mashamba na wajukuu, wakapiga magoti katikati ya magamba na maji ya samaki kutafuta nusu ya bundi. Tibeios hakupiga magoti. Yeye alitazama mashavu.

Maana huku nguo hazina mifuko, na mtu hubeba chenji yake mdomoni. Ukimwona mtu amenyamaza sokoni, jua ana pesa. Na Sikon mpishi, ambaye siku zote aliweza kubishana na muuza vitunguu mpaka vitunguu vikaota, alikuwa amenyamaza kimya. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama la aliyeng'olewa gego.

Tibeios akamwuliza kwa upole mikunga ni bei gani siku hizi.

"Mmh," alijibu Sikon.

Gryllion naye akaona. Bila kuulizwa na mtu, akamshindilia Sikon kofi la mgongoni, kofi la mtu aliyezoea kuua mikunga, ili ateme.

Sikon hakutema. Sikon alimeza.

Gryllion akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Mimi nilitaka kitoke," alisema.

Tibeios alianza kuwashwa mgongo mzima, na hapakuwa na nzi.

Timokedes, yeye, alicheka. Hakujua mpishi wake alitaka nini na kipande cha shaba, wala hakujali. Alichojua ni kwamba mzee aliyemwaibisha mbele ya soko angefungwa kwenye nguzo jioni ile. Akaalisha vidole, akamwambia Sikon atangulie nyumbani. Phanias akaafiki. Mtumwa ni mali ya bwana wake, alisema, na tumbo la mali ni mali.

Hapo, kama kawaida ya mji huu, kila mtu akawa wakili. Mmoja alishikilia kwamba chombo ni cha Timokedes lakini kilichomo ni cha Baraza. Mwingine alileta kesi ya binamu yake na nyumbu aliyemeza pete. Wa tatu aliuliza kama mikunga bado wanauzwa.

Katika kelele hizo Tibeios akamsogelea Sikon kama anayemuaga.

"Sikiliza, mwanangu. Hicho ulichomeza kimekuwa cha Mama wa Miungu tangu patasi ilipogusa meza. Ukitoka nacho hapa sokoni, wewe ni mwizi wa hekalu. Mimi wananichapa. Wewe wanakuua."

"Na nikibaki?" Sikon alinong'ona.

"Ukibaki nyumbani kwa Mama hujamwibia. Umemletea."

Sikon akamtazama bwana wake. Akaitazama nyumba ya Mama wa Miungu, hekalu la ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini. Wapishi wa matajiri si watu wa kukimbia, lakini huyu alikimbia, tumbo likimtangulia, akapita mlangoni, akaikumbatia madhabahu kwa mikono na miguu yote.

Mtumwa aliyeshika madhabahu hagusiki. Hata na bwana wake. Timokedes alifika mlangoni akasimama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakualisha vidole.

Sasa ikabaki kazi ya kungoja, na kungoja kulikuwa na tatizo lake. Gryllion, kwa majuto, alileta bakuli kubwa la dengu, tini mbichi kapu zima, na supu ya kabichi ambayo mkewe huitumia kwa ng'ombe. Mambo yakaanza kuiva. Lakini ndani ya hekalu mtu hawezi kufanya haja. Hiyo ni kufuru, na adhabu yake ni mbaya kuliko zote tulizotaja. Na akitoka nje, Timokedes yuko mlangoni na watumishi wawili wenye mikono mipana.

Phanias alikuna kichwa. Tibeios akauliza, kwa unyenyekevu, kama mheshimiwa anaikumbuka ile desturi ya kamba.

Mheshimiwa hakuikumbuka, lakini alisema anaikumbuka. Ikaletwa kamba ya nyavu ya Gryllion. Ncha moja ikazungushwa kwenye madhabahu, ya pili ikafungwa kwenye kifundo cha mkono wa Sikon. Kamba ikiwa nzima, mtu yumo mkononi mwa Mama hata akiwa nyuma ya ukuta na ndoo. Mababu wa mji huu waliwahi kuona kamba ya namna hiyo ikikatika, watu wakauawa, na laana yake ikadumu vizazi. Kwa hiyo Timokedes alipousogeza mguu wake karibu na kamba, akijifanya anafunga kiatu, umati ukanguruma. Mguu ukarudi.

Watu walikaa wakawekeana dau. Waliosema adhuhuri walikosa.

Akiwa anatafuna dengu, Sikon akalia. Alimwambia Tibeios kwa sauti ya chini kwa nini alikiokota kile kipande. Yeye hakutumwa na sarafu ile. Pesa ya mikunga aliyopewa aliiweka chini ya godoro lake, na badala yake akaja na bundi aliyemwiba nyumbani. Kipande chenye kichwa kilipoanguka karibu na mguu wake aliona alama juu yake, akaogopa bwana wake ataitambua na kumjua mwizi.

"Ulimwiba wapi?" aliuliza Tibeios.

"Kwenye mtungi."

"Mtungi gani?"

Sikon, kama wapishi wote, huongea kwa mikono. Akachora hewani tumbo kubwa, shingo nyembamba, masikio mawili. "Ile ya pesa ya ngano," alisema. "Usiku wa kuamkia kupelekwa melini. Nilidhani katika mitungi kumi nani atamtafuta bundi mmoja."

Pale mlangoni Timokedes aliiona mikono ile ikichora mtungi. Tabasamu lake halikuondoka. Lilibaki usoni kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Lakini yeye pia hakuondoka. Bila kile kipande, mikono ya mpishi si ushahidi.

Kilipotoka, kilitoka. Sitaeleza, gazeti hili husomwa wakati wa kula. Gryllion alikiosha mara tatu kwenye maji ya mikunga, na mikunga wakakaa mbali nacho. Jua lilikuwa limebakiza upana wa mkono mmoja juu ya vilima.

Tibeios alikipokea kwenye kiganja. Mgongo wake ulikuwa umepona. Phanias alikuwa ameshanyoosha kitambaa kukipokea, umati ulikuwa umeanza kulipana dau, na mzee angeweza kwenda kulala.

Kisha akakiona kile alichokiona Sikon.

Chini ya jicho la kushoto la bundi palikuwa na mstari mdogo, mwembamba kama unywele. Patasi ya mchongaji iliteleza siku alipotengeneza chapa, na tangu hapo kila bundi aliyetoka kwenye chapa ile alikuwa na chozi.

Tibeios aliwahi kuliona chozi hilo.

Mwezi uliopita walimletea mitungi kumi ya pesa ya ngano, hapo hapo mezani. Akaufungua wa kwanza. Akapima bundi kumi na wawili wa juu. Walikuwa wazima, wanono, fedha mpaka rohoni. Akamshika wa kumi na tatu. Akaliona chozi, na kidole gumba kikaanza kumwambia jambo. Wakati huohuo Timokedes aliinama, akaegemea meza kama rafiki, akamwuliza:

"Mzee, wewe ulizaliwa wapi?"

Miaka sitini hakuna aliyeuliza. Tibeios alimweleza habari za mto, na miti ya njugu, na mama yake akiita nguruwe jioni kwa sauti ambayo bado anaisikia. Timokedes alisikiliza kwa makini sana. Mzee alipomaliza, mtungi ulikuwa umefunikwa, bundi wa kumi na tatu akiwa ndani, na yeye mwenyewe alijisikia akisema: wazima. Mitungi yote kumi.

Alikuwa amesimama na nusu ya bundi mkononi, na sasa aliujua uongo wote. Fedha ya mji imebaki mahali kwa Timokedes. Melini kuna shaba iliyovikwa ngozi.

Kunyamaza kulikuwa rahisi. Akabidhi kipande, mgongo uwe salama. Sikon asingesema, kwa kuwa angejitaja mwizi. Meli ingeondoka alfajiri, ifike kwa wauza ngano wa Bahari Nyeusi, watu ambao kwa miaka mingi wamempokea bundi bila kumweka kwenye mizani, kwa kuwa bundi ni neno la Athene. Mmoja wao angemkata bundi mmoja. Tangu siku hiyo bundi angepimwa kila bandari kama kitunguu, na ngano isingekuja.

Hilo ni la mji, na mji haukumnunulia viatu. Mzee aliumia kwa jingine. Miaka ishirini majemadari na wenye mashamba walikuja mbele ya meza yake, wakaweka sarafu, wakangoja. Akisema "mzima," waliokuwa na kura walitii. Neno lile moja ndilo pekee alilowahi kuwa nalo duniani. Na neno hilo alimpa mwongo, kwa malipo ya swali kuhusu njugu.

"Mpe kipande chake, mzee wa meza," alisema Gryllion. "Twende tukale. Mkunga mmoja nakupa mimi."

"Niombee kwa karani kibao cha kuandikia, kile cha nta kinachokunjwa," alisema Tibeios.

Phanias aliuliza anaandika nini, na jua liko pale.

"Kosa, mheshimiwa."

"La nani?"

"Langu."

Tibeios aliinamia nta, akaandika herufi kubwa, kama mtu anayechonga:

Tibeios kwa Daos, mpimaji wa Piraeus, salamu. Mitungi kumi ya ngano niliipitisha bila kuipima mpaka chini. Kosa ni langu, wewe hulijui. Usiiache meli iondoke. Chukua bundi wa chini, si wa juu. Tazama mhuri wa barua hii. Kila bundi mwenye jicho hili, mkate.

Gryllion alikuwa akisoma juu ya bega lake, midomo ikicheza. "Ukipeleka hii, ni viboko hamsini vilevile," alisema polepole. "Ulikuwa umeshapona."

"Kuhesabu najua, Gryllion. Bado unakwenda Piraeus jioni kuchukua samaki?"

"Kila siku nakwenda."

Tibeios alikunja kibao, akakifunga kwa kipande kilichosalia cha kamba ya nyavu ya Gryllion, akadondosha nta juu ya fundo. Watu wenye majina hapo huvua pete. Yeye akachukua nusu ya bundi, akaigandamiza kwenye nta, akahesabu pumzi tano, akainua.

Jicho lilikuwa pale. Chozi limehamia upande wa pili, kama inavyopasa katika nta, lakini limetoka safi, kali, hakuna wa kulikosea.

Kisha akaweka vipande viwili juu ya kitambaa cha Phanias, wakati ukingo wa jua ukigusa kilima. Phanias akavihesabu: kimoja, viwili. Akaandika kwamba mpimaji ametimiza.

Gryllion aliisukuma barua chini kabisa ya kapu, chini ya mikunga walio hai, ambako hakuna mstaarabu angetia mkono. Akalitupa kapu begani. Alikuwa na miguu bapa na tumbo la mtu anayeonja bidhaa zake, na Piraeus ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye miguu mizuri.

"Nikifika, Daos akiuliza barua ya nani?" alisema.

"Mwambie ya Tibeios. Anatoka Paflagonia, kwenye miti ya njugu."

Gryllion akatoka uwanjani, kapu likidondosha maji nyuma yake, akashika barabara iliyo kati ya kuta mbili ndefu, ambayo ndiyo pekee ya kushuka bandarini.

"Mzee," Sikon aliita kutoka madhabahuni, kamba bado mkononi. "Bwana wangu hayupo mlangoni."

Tibeios akageuka. Mlango ulikuwa mtupu. Mavumbini palikuwa na alama za viatu vizuri, zilizosimama siku nzima mahali pamoja, kisha zikaondoka kwa haraka. Na kutoka nyuma ya karakana za wafua shaba, kuelekea barabara ileile, zilisikika kwato za farasi.

Barua ilikuwa imeshakwenda.